Moto Mkali Ruhembe

Kituo changu cha kwanza cha ualimu kilikuwa shule ya msingi huko Ruhembe, iliyozungukwa na miwa pande tatu. Miwa huchomwa majani kabla ya kukatwa, lakini tulizoea kuambiwa mapema. Siku ile hakuna aliyetuambia.

Ilikuwa kipindi cha Kiswahili, darasa la nne. Nilikuwa nafundisha kivumishi "-kali". Niliandika ubaoni: jua kali, moto mkali. Nikawaeleza wanafunzi kwamba joto mtu hulivumilia, ila likishakuwa kali linaumiza. Kisha nikataka watunge sentensi.

Akasimama binti mmoja wa familia ya wafugaji, ambaye Kiswahili alikuwa anajifunzia hapo hapo shuleni.

"Mwalimu, moto ni mkali."

Nikamsifu, nikamwambia aeleze ni moto upi. Hakukaa. Akanyoosha mkono dirishani.

"Ule pale, mwalimu. Unakuja."

Moshi ulikuwa umeshafunika vyoo, na miali inaruka juu ya miwa ikilia kama mvua kubwa kwenye mabati. Mimi nimekulia milimani, Lumuma, sikuwahi kuona moto wa namna ile. Nilisimama na chaki mkononi mpaka kengele ya mwalimu mkuu iliponizindua. Nikawaambia washikane mikono, tukakimbilia ng'ambo ya barabara, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa.

Nikahesabu. Alipungua mmoja. Nikarudia, akapungua yule yule: binti aliyeuona moto.

Nilirudi mbio. Darasani hapakuwa na mtu. Niliita hadi moshi ukanikaba, nikawa nakohoa tu, nikiwaza nitamwambia nini mama yake. Nilipotoka nikamwona anatokea upande wa darasa la kwanza, amembeba mdogo wake mgongoni. Alikuwa amemfuata. Sikumgombeza. Nilimshika mkono, tukakimbilia kwa wenzake.

Moto uliishia kwenye uwanja wa mpira. Vyoo viliungua paa, watoto wote walikuwa salama.

Jioni nilimpigia mama yangu simu. Aliitikia shikamoo yangu, akauliza habari za kazi. Nikamwambia ni njema. Kisha nikakaa kitandani nikaandika barua ya kuomba uhamisho. Haikujibiwa, na sikuifuatilia.