Fundi Medard na Hodi Mpya ya Ghorofa ya Sita

Medard alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa Bukoba, mrefu, mdomo hautulii. Alikuja Guangzhou kununua simu akauze Mwanza, mtaji ukamyeyukia mkononi, akabaki mtaa wa Dengfeng akitengeneza kompyuta za wenzake. Na ukimuuliza jambo dogo tu, umekwisha: atakueleza mpaka chai ipoe.

Julai ile ya mwaka 2009 alikuwa na shida moja, lakini shida yenyewe! Viza yake ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa tano. Pasi ilikuwa kwa wakala aliyeapa kuirudisha Ijumaa ikiwa na viza mpya. Kwa hiyo kazi kubwa ya Medard duniani ilikuwa kutokamatwa mpaka Ijumaa. Utasema ni rahisi. Jaribu wewe, katika mwezi ambao polisi walipanda ngazi za majumba yetu mara mbili kwa siku wakiita, "Huzhao! Huzhao!" yaani pasi, pasi!

Wiki hiyohiyo akaingia mdudu wa kompyuta. Alihama na flashi, kutoka kompyuta hadi kompyuta, na kila alipoingia mashine ilijizima yenyewe kabla hujamaliza kuandika jina lako. Dawa ilikuwepo: kiraka kidogo cha programu cha kuziba tundu alimopitia, kimetolewa miezi mingi nyuma, na hakuna aliyekiweka. Mutua, Mkenya wa Machakos aliyekuwa akinunua mikoba soko la Shiling, ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja na Medard, na hata yeye alikataa.

"Zii, fundi. Mfumo wangu ni wa kopi, na viza yangu ni ya kuombea Mungu. Ukiunganisha hiyo kitu na mtandao, itanitaja."

"Itakutaja kwa nani?"

"Kwa wenyewe!"

Medard alichoka. Lakini Jumatano polisi wenyewe wakamsaidia kufundisha.

Ghorofa ya sita ilikuwa na milango kumi na minne, yote ya watu wa nyumbani, na kila mlango ulifungwa kwa komeo la ndani. Hodi ilikuwa moja: gonga mara mbili, nyamaza, gonga mara moja. Aliitunga Chausiku, mama wa Tanga aliyekuwa akipika pilau chumbani kwake, na kila aliyehamia aliichukua hiyohiyo, maana nani ana muda wa kutunga yake? Basi Jumatano polisi, waliokwisha kuisikia hodi hiyo ngazini, wakapanda, wakagonga mara mbili, wakanyamaza, wakagonga mara moja. Milango mitatu ikafunguka kwa tabasamu. Mmoja alifungua ameshika sahani, akasema, "Karibu, nyama bado ipo." Wakachukuliwa wote watatu, pamoja na sahani.

Jioni watu wakajazana kwa Chausiku wakilaumiana. Medard akasimama.

"Mmeona? Kompyuta zenu ziko hivyohivyo! Ndani ya mfumo kuna maktaba moja, na programu zote zinaazima humo, kama nyie mlivyoazima hodi kwa dada Chausiku. Tundu likiwa pale, liko kwa wote. Ukiziba pale, umeziba kwa wote."

Mutua akajipiga paja. "Kumbe! Si ungeanza na mlango, bana!"

Usiku huohuo wakamletea kompyuta zao kama wagonjwa. Na kwa kuwa walikuwa wameelewa mno, wakamwomba awape na masharti ya mlango. Medard, sifa zimemlevya, akayatoa. Kesho itungwe hodi mpya. Ipite kwa mdomo, chumba kwa chumba, isiandikwe kwenye simu. Na mwenye hodi ya zamani asifunguliwe, hata alie.

"Akijitaja jina?" Chausiku akauliza.

"Majina wanayo."

"Akisema Kiswahili?"

"Wana wakalimani."

Alhamisi asubuhi Medard akaenda Sanyuanli, kwenye ofisi ya mizigo, kuweka kiraka kwenye kompyuta nane. Huku nyuma Chausiku akatunga hodi mpya, akaipitisha milango yote kumi na minne, akarudi kupika.

Saa kumi alasiri Medard alikuwa anapanda ngazi aliposikia viatu chini yake. "Huzhao!" Akakimbia, akagonga mlango wa chumba chake mwenyewe: mara mbili, kimya, mara moja. Ndani redio ikazimwa.

"Mutua! Ni mimi, Medard!"

"Jina wanalo," sauti ikanong'ona.

"Mutua, nakwisha! Sanduku langu liko chini ya kitanda chako!"

"Hodi mpya, fundi."

"Siijui! Sikuwepo!"

Kisha Mutua, kwa huzuni ya kweli: "Hivyo hasa ndivyo polisi angesema."

Medard akahamia kwa Chausiku. Akagonga nne. Akagonga tatu na moja. Akagonga kama ngoma ya harusi. Askari mmoja alikuwa amekwisha kufika nyuma yake, akamsubiri kwa adabu mpaka amalize. Kisha askari naye akajaribu: mbili, kimya, moja. Mlango huu, ule, wa tatu, mpaka mwisho wa korido. Haukufunguka hata mmoja. Akakuna kichwa, akamgeukia Medard.

"Huzhao?"

"Mei you," Medard akasema, sina. Kisha akaongeza, "Ijumaa," lakini hakuna aliyemwelewa.

Walipofika ghorofa ya nne wakishuka, alisikia makomeo yanafunguka juu, watu wakipiga vigelegele. "Wameshindwa! Hata mlango mmoja!" Mutua alikuwa akipaza sauti. "Fundi akirudi tumpe shukrani!" Na Chausiku: "Namwekea pilau lake, na nyama ya juu!"

Machozi yakamtoka Medard. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumnyonga Mutua, na ndani ya hayo yote, Mungu amsamehe, alijisikia fahari. Akamgusa askari begani kwa mkono uliofungwa pingu.

"Umeona?" akamwambia kwa Kiswahili. "Kiraka kinafanya kazi."