Sauti Ilikuwa ya Fumie

Nyie wasomaji wangu wa mji huu wa Kamiyose mnanichosha. Mwanasiasa akiwadanganya, mnamnunia aliyeshika kipaza sauti. Ndivyo mnavyomfanyia Fumie Nagasawa.

Tangu usichana wake, kila uchaguzi Fumie alikuwa kwenye gari la kampeni, glavu nyeupe mikononi, anapunga dirishani na kuimba jina la bosi wake: "Kurobane! Ni Kurobane! Asanteni sana!" Wanawake wa kazi hiyo tunawaita ndege, na Fumie alikuwa chiriku hasa. Wazee walitoka kwenye mpunga na matope yao miguuni wamsikie yeye, siyo mgombea. Kurobane akapanda tu: mbunge, waziri, sasa waziri mkuu.

Uchaguzi mmoja watu wa Kurobane wakampa maneno mapya: "Wodi ya wazazi ya Kamiyose haitafungwa!" Akayatangaza mtaa kwa mtaa mpaka koo likawaka moto. Kurobane akashinda, wodi ikafungwa. Yoshino, binti wa dada yake Fumie, akashikwa na uchungu njiani mlimani, kwenye theluji, wakikimbilia hospitali ya mbali. Mtoto hakupona.

Yoshino hakumlaumu Kurobane. Alisema tu, "Mama mdogo, niliamini kwa sababu ilikuwa sauti yako."

Mwezi uliopita Kurobane alikuja kwa mbwembwe zote kufungua stesheni mpya. Wakubwa wa mji wakamwomba Fumie amtangaze jukwaani, kama enzi zile. Akakubali upesi. Moyoni alishapanga: nikishika kipaza sauti, namuuliza mbele ya watu wote, wodi iko wapi? Akamwambia Yoshino, "Njoo usimame mbele. Safari hii nasema ya kwangu."

Iwao, muuza tofu, akamchokoza pale stesheni. "We chiriku, sauti ipo au imeshika kutu?"

"Ipo. Leo utaisikia ikiuma."

"Utauma kwa meno yapi, bibi wee?"

"Kauze tofu zako huko!"

Bendi ikapiga. Kurobane akapanda jukwaani, kazeeka, akainama mbele ya Fumie mpaka kiunoni. "Dada Fumie," akamnong'oneza, "bila wewe nisingefika popote."

Fumie akavuta glavu zikakaa sawa. Akamwona Yoshino kule mbele, kamkazia macho. Akafungua mdomo.

"Kurobane! Ni Kurobane! Asanteni sana!"

Tamu vilevile. Mkono nao ukapunga wenyewe. Watu wakashangilia, Iwao akapiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Yoshino akageuka, akapenya katikati ya watu, akaenda zake.

Mpaka leo Yoshino hapokei simu za mama yake mdogo. "Mdomo ulinitangulia," Fumie anasema. Majuto ni mjukuu, na huyo ndiye mjukuu aliyebaki naye.

Kwa hiyo nawaomba: mkimkuta sokoni, msalimieni. Na Kurobane akirudi, mkamuulize nyinyi wodi iko wapi. Kwa midomo yenu.