Kikombe cha Katikati

Nilipitisha miaka hamsini bila kuonja kahawa, na nilizaliwa ndani ya kahawa. Ukitoka mlango wa jiko la mama, pale Githongo, hatua ya kwanza ni ya uani na ya pili ni ya shambani. Tulichuma kabla ya kwenda shule na tukachuma tena tukitoka, tukabeba magunia mpaka kiwandani, tukakaa chini kutenganisha mbivu na mbichi, kisha tukarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Hakuna aliyeona ajabu. Kahawa ilikuwa ya kuchuma, chai ndiyo ilikuwa ya kunywa.

Baba peke yake ndiye aliyewahi kuona ajabu. Nilikuwa darasa la pili. Siku hiyo alichukua konzi chache za mbuni, yaani kahawa iliyokauka na ganda lake, akaitwanga kutoa maganda, akaikaanga kwa kikaango cha mama, akaitwanga tena na kuichemsha. Zamani zile mkulima hakuruhusiwa kukaanga kahawa yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuifikisha kiwandani na kuiaga. Baba alijua, lakini alikuwa mtu wa kutaka kujua, na ugonjwa huo ndio alioniachia mimi.

Harufu ilitoka ikafika barabarani. Baba alimimina kikombe kimoja cha bati, akakiweka dirishani kipoe. Kabla hakijapoa, mkaguzi wa kahawa alikuwa ameshaingia uani na askari wawili wa chifu. Walimwaga kikombe chini mbele yetu, wakaenda na baba. Alikaa ndani siku mbili. Aliporudi aliomba uji, akachukua panga, akaenda kupunguza matawi ya kahawa ile ile. Hakuzungumzia jambo hilo tena mpaka alipofariki.

Nimeanza na hayo kwa sababu bila hayo safari yangu haina maana. Kwa majirani, mimi ni yule mwalimu aliyepanda ndege kwenda kuonekana kwenye televisheni ya Wazungu. Wanauliza kuhusu ndege, baridi na chakula. Hakuna anayeuliza kuhusu kikombe.

Mambo yalianza na mgeni mmoja aliyekuja kiwandani na kamera. Alimpiga mama picha akigeuza kahawa kwenye meza za kukaushia, kilemba kimemwangukia jicho moja, amekasirika kwa sababu mgeni alikuwa amesimama juu ya gunia lake. Miezi kadhaa baadaye, karani wa kiwanda alituita. Picha ile ilikuwa imefika mbali. Kipindi kimoja cha mazungumzo cha nchi ya baridi huko Ulaya kilitaka kuzungumza na watu wanaolima vile vitu ambavyo wao huviamkia mezani, na walimtaka mama. Tiketi wangelipa wao.

Mama alicheka. "Na haya magoti? Nitapandishwa ndege na wilbaro? Mpeleke mwalimu. Yeye ndiye anajua Kizungu, na ndiye hachoki kuuliza watu maswali."

Hakunisifu. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja kasoro ya ng'ombe sokoni.

Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na vita baridi. Ndugu yangu, aliyebaki na mama, alitaka kung'oa kahawa yote apande parachichi. "Mama, hii kahawa ni kuchoka tu," alikuwa akisema. "Kunyunyizia dawa, kupogoa, kuchuma, kupanga laini kwa kiwanda. Ovakado unapanda, unakaa hapo unaingojea ikomae." Mama hakumkatalia wala kumkubalia. Mimi niliyekuwa nimeolewa Embu, nikifundisha huko Manyatta, nilikuwa upande wa kahawa, tena kwa hasira. Ni rahisi kupenda shamba usilolipalilia, ndugu yangu aliniambia hivyo, na alikuwa sawa. Lakini mashina yale yalinisomesha. Kuna moja nililokuwa nikijificha nyuma yake kusoma, mama akiniita mpaka sauti inapasuka.

Nilipokwenda kumuaga, mama alinishika mkono. "Usiniletee shuka, usiniletee sabuni," alisema. "Niletee jibu moja. Hiyo kitu ni tamu ama si tamu? Kama ni tamu, kahawa itabaki. Kama si tamu, ndugu yako alete jembe. Nimechoka kubishana."

Ndugu yangu alisikia, nami nikasikia. Basi nikaondoka nimebeba shamba zima kichwani.

Pale shuleni Manyatta, walimu wenzangu walinichangia koti. Lilikuwa la mwalimu mkuu wetu mstaafu, zito, lina harufu ya dawa ya nondo, na mabega yake yalitosha watu wawili. "Mwalimu, ukifika huko usianze kuwasahihishia Kiingereza," mwenzangu wa darasa la sita aliniambia. "Na usiwaambie wafunge midomo," akaongeza mwingine. Kanisani waliniombea, na mchungaji akaiombea ndege pia, tairi kwa tairi.

Ndani ya ndege mhudumu aliniuliza kama nataka chai au kahawa, nami nikajibu "chai" kabla hajamaliza. Ilinitoka tu kama salamu. Alipopita ndipo nilipogundua nilichofanya, nikaona aibu kumwita tena. Nilijiambia kwamba nitaonja huko huko, kwa wenyewe. Asubuhi hotelini nilifanya kosa lile lile. Walikuwa na mashine ya kahawa yenye vitufe vingi, na nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wenye haraka, nikakwepa. Nikachukua maji moto na kile kifuko cha majani chenye uzi. Maziwa waliyatenga kando, baridi, kama ya paka.

Studio ndiyo iliyonimaliza. Kwa nje ni jengo kama ghala la mahindi. Ndani kuna sebule nzuri sana, yenye makochi, zulia, taa ya mezani na rafu ya vitabu, lakini haina ukuta wa mbele wala dari. Ukiinua macho unaona vyuma na nyaya. Dirishani kulikuwa na mji wenye jua la asubuhi, ilhali nje nilikuwa nimeacha mvua ya alasiri. Nilisogea nikaugusa ule mji. Ulikuwa kitambaa. Nikaenda kwenye rafu nikavuta kitabu kimoja, vikaja vyote kumi pamoja, migongo mitupu iliyogandishwa kwa gundi. Msichana mmoja aliyevaa vifaa vya kusikilizia masikioni alinijia mbio na kuniomba kwa adabu nikae. Nilikaa, lakini nilimuuliza sebule hii ni ya nani na nani huifagia. Alifikiri ninatania.

Kulikuwa na bwana mwingine ambaye kazi yake yote ilikuwa kuinua mikono ili watu wapige makofi, na kuishusha ili wanyamaze. Watu wazima mia kadhaa walimtii. Nimefundisha miaka zaidi ya ishirini na sijawahi kupata darasa kama lile. Nilimtazama kwa wivu.

Mtangazaji alikuwa mwanamume mpole mwenye ndevu zilizochanwa. Aliniuliza kuhusu mama, kuhusu kuchuma, kuhusu mvua za huku mlimani, nami nikajibu vizuri tu. Watu walicheka nilipowaeleza kuhusu lile gunia lililokanyagwa. Nikaanza kujiona stadi. Ndipo ikaletwa sinia yenye vikombe vitatu.

"Kimoja kati ya hivi," mtangazaji alisema, "ni kahawa kutoka kiwanda cha mama yako. Bila shaka wewe utaitambua."

Kijasho chembamba kilinitoka chini ya koti la mwalimu mkuu. Pale ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Ingekuwa sentensi moja tu: mimi sijawahi kunywa kahawa maishani. Lakini kamera zilikuwa tatu, taa zilinichoma uso, yule bwana wa makofi ameshusha mikono na ukimya umetanda. Nikaona haya. Nikachukua kikombe cha kwanza nikaonja.

Kilikuwa kichungu kama klorokwini. Nilikaza uso. Cha pili kikawa kichungu. Cha tatu pia. Kama kulikuwa na tofauti, ulimi wangu haukuijua. Ulimi wangu ulijua chai.

Kwa hiyo nikafanya ninachokijua. Nikaacha vikombe nikamtazama mtangazaji. Mwanafunzi anayejua jibu na kukatazwa kulisema, macho yake huenda kulichungulia na kurudi, mara moja, mara mbili, hawezi kujizuia. Nimewakamata wengi hivyo. Nikapitisha mkono polepole juu ya vikombe vyote, na nilipofika katikati ndevu zile zikatikisika.

"Hiki," nikasema.

Bwana wa makofi aliinua mikono, na ukumbi ukalipuka. Mtangazaji alikuwa amelengwalengwa na machozi. "Inakukumbusha nini?" akaniuliza. Nami, mwalimu ninayewakataza watoto kunakili majibu ya wenzao, nikasema inanikumbusha asubuhi nyumbani, mama akiimimina jikoni, na sisi watoto tukigombania kikombe. Maneno yalinitoka bila kukwama. Nilimpora baba kikombe chake, nikakijaza uongo, nikawapa wageni wakipigie makofi. Niliona aibu pale pale, na bado nikaendelea kutabasamu.

Baada ya kipindi nilimtafuta mwanamke aliyeandaa vile vikombe nyuma ya pazia. Nilitaka angalau nirudi na kitu cha kweli. Nilimuuliza vijiko vingapi, maji ya moto kiasi gani, unangoja muda gani. Alinionyesha yote, mpaka namna ya kubonyeza chujio polepole, na mimi nikaandika nyuma ya tiketi. Alinipa pakiti moja ya kahawa ile ya katikati na chujio lake la glasi. Alinikumbatia pia. Sikustahili.

Njia nzima ya kurudi niliutengeneza uongo wa pili. Ulikuwa mfupi: ni tamu, mama. Neno hilo lingeokoa shamba lote. Tena nilikuwa na ushahidi wa ukumbi mzima uliopiga makofi.

Nilifika Githongo mchana. Mama alikuwa ameketi jikoni na ndugu yangu amesimama mlangoni, mikono mfukoni, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Hawakuniuliza habari za ndege.

"Haya," mama alisema. "Ni tamu ama si tamu?"

Nilifungua mdomo. Niliyatazama magoti yake, vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa miaka yote, na lile neno nililolibeba kutoka Ulaya likakataa kutoka.

"Si tamu," nikasema. "Na kule nimewadanganya watu. Nimewaambia tulikuwa tukiinywa hapa."

Ndugu yangu hakucheka wala kushangilia, na hilo namshukuru mpaka leo. Mama aliuliza, "Umeileta?"

Nikaipika kama nilivyoandika nyuma ya tiketi. Harufu ilijaa jikoni ikatoka nje, na nikajikuta natazama njia ya kuingilia uani. Niligeuka nikaona ndugu yangu naye anaitazama, ingawa baba alipokamatwa yeye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilimimina kikombe nikampa mama. Alikishika kwa mikono miwili, akakinusa, kisha akanyoosha mkono akakiweka dirishani kipoe.

Dirisha lilikuwa lile lile. Tulikaa tukikitazama mpaka mvuke ukaisha.

Mama alikichukua akaonja. Uso ulimkunjamana wote. "Uuui," akasema, "hii ni dawa."

"Wacha basi, mama. Nitakupikia chai."

"Nitaimaliza." Akanywa tena, akakunja uso tena. "Babako hakumaliza yake." Akanywa funda kwa funda, bila haraka, akipumzika katikati, mpaka akakigeuza kikombe kutuonyesha kwamba ni kitupu. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akicheka. "Siku mbili ndani. Kwa hii! Na angeipenda, nawaambia. Yule mtu alipenda vitu vichungu. Si ndiye alinioa mimi?"

Mimi nililia wazi wazi, sikutafuta kisingizio cha moshi. Ndugu yangu aliangalia viatu vyake kwa muda, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mama, ning'oe ama niache?"

"Ng'oa," mama alisema. "Nilikuwa nangoja kujua tu, na sasa nimejua. Lakini yale mashina kumi ya huku karibu na jiko usiyaguse."

"Kumi ni ya nini? Kiwanda hakiwezi kupokea mzigo kidogo hivyo."

Mama alinipa kile kikombe kitupu nikakisuuze.

"Si ya kiwanda," akamwambia. "Hayo ni ya kunywa."