Fomu ya Nafula haikuwa ya kuchekwa

Leo nimefukuzwa darasani na sijutii hata kidogo.

Asubuhi hapa chuoni kwetu Kitale alikuja mama mmoja mtafiti. Akatupatia sisi wasichana wote fomu ya maswali kuhusu kula. Unaogopa kunenepa? Huwa unajitapisha ukishakula? Akasema tusiandike majina, tuandike tu kwetu ni wapi, majibu ni siri.

Siri gani, bana?

Mwalimu wetu ndiye alikusanya fomu. Akachomoa moja, akasoma kwa sauti: "Huyu ati anajitapisha kila siku! Na kwao ni Bumula, huko Bungoma kwa walaji wakubwa. Tangu lini msichana wa Bungoma akashindwa na ugali?"

Darasa zima likacheka. Mtafiti akaanza kumwendea mwalimu.

Wa Bumula ni mmoja tu darasani kwetu: Nafula, rafiki yangu. Aliinamisha kichwa mpaka kwa meza. Tumelala chumba kimoja mwaka mzima, na mimi nilidhani kutapika kwake ni vidonda vya tumbo.

Nikasimama. "Mwalimu, si tumeambiwa ni siri? Rudisha hiyo fomu."

"Toka nje!"

Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisukumwa. Nafula pia alikuwa anatoka, na mtafiti anamfuata, ameshika ile fomu. Alikuwa amemnyang'anya mwalimu.

Tuliketi kwa nyasi sisi watatu. Nafula akaongea karibu saa nzima, mambo ambayo hakuwa amewahi kuniambia. Kesho nampeleka hospitali.

Na nyinyi mliocheka, wengine wenu ni marafiki zangu hapa mtandaoni. Niambieni hapo chini: ni nini iliwachekesha?