Mwaka Nilioishiwa na Dhambi

Wajukuu wangu wakisikia neno basari, yaani msaada wa karo, wanawaza ofisi, mhuri, na mheshimiwa anayepigwa picha akikabidhi hundi pana kama mlango. Basari yangu mimi ilikuwa kikapu cha pareto. Nilisomeshwa na watu waliookoka, katika shamba la mzungu juu ya Molo, njia ya kwenda Kuresoi, na mpaka leo sijui kama niwashukuru au niwalaumu. Siku nyingine nafanya yote mawili kabla ya chai ya saa nne.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakoloni walipokuwa wakikamata watu wetu ovyo. Baba alikuwa amechukuliwa na serikali, hatukuambiwa alikopelekwa, na mama alibaki akichuma maua ya pareto, yale ya kutengenezea dawa ya wadudu, ili tusifukuzwe katika kibanda chetu kwenye kambi ya wafanyakazi. Katikati ya taabu hizo mimi nikapita mtihani. Nilipata nafasi katika sekondari ndogo ya serikali pembeni mwa mji wa Nakuru, shule ya madarasa machache na maabara yenye bomba moja lililokohoa zaidi ya kutoa maji. Hakuna mtoto wa shamba letu aliyewahi kufika huko. Nafasi ilikuwepo, karo haikuwepo, na nani angemlipia karo mtoto wa mtu aliyefungwa?

Waliookoka ndio walionilipia. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, kwa hiyo waliomba kwa Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili chake, wakikutana kila Jumapili alasiri ndani ya banda la kukaushia pareto kwa sababu ndilo lililokuwa na joto. Kiongozi wao alikuwa nyapara wa shamba, mtu mrefu, mpole, aliyesema polepole hata alipokuwa akifukuza mbwa. Waliamua kwamba kila Jumamosi, mwanamke aliyeokoka akimaliza vikapu vyake, atachuma kimoja zaidi kwa ajili yangu. Walikiita kikapu cha mtoto. Nyapara naye alikwenda kwa mzungu akanisemea, nikapewa pasi ya kusafiri, maana siku hizo mtu wa kwetu bila pasi hakufika hata stesheni ya Molo. Basi karo yangu ilikuwa mikononi mwa ushirika huo wa waliookoka, na safari yangu pia.

Sharti lilikuwa moja, na hakuna aliyelitamka. Mtoto wa ushirika ni lazima awe ameokoka, na aliyeokoka husimama mbele ya wenzake akasema dhambi zake waziwazi. Huko ndiko walikokuita kutembea nuruni.

Jumapili yangu ya kwanza nilisimama kutoa shukrani tu. Lakini vumbi la pareto halina adabu, likikuingia machoni na puani unaloa uso mzima. Wao walikuwa wamelizoea. Sisi watoto tulikatazwa kuingia mle. Kabla sijamaliza kusema Bwana asifiwe, machozi yalikuwa yananitiririka hadi kwenye kola.

"Roho amemgusa!" mama mmoja akapaza sauti. "Muacheni alie! Muacheni alie!"

Wakaimba, wakanikumbatia mmoja baada ya mwingine, na nyapara akanifuta kamasi kwa leso yake mwenyewe. Ningesema nini? Kwamba ni pareto? Nilinyamaza, nikaokoka.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimeokoka, wala sikuwa nimepotea. Nilikuwa mtoto aliyetaka kusoma, na nilisoma. Kule shuleni nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilipenda harufu ya chaki, nilipenda hesabu za herufi, nilipenda hata uji wenye madonge. Tatizo lilikuwa likizo. Kila nilipofunga shule, Jumapili ya kwanza banda lilijaa, na nyapara alinigeukia kwa tabasamu lake la upole.

"Haya, mtoto wetu. Umetoka na nini huko? Sema, tusaidiane kubeba."

Likizo ya kwanza niliwapa dhambi za kweli. Nilikuwa nimeiba sukari jikoni. Nilikuwa nimemchukia kiranja. Wakafurahi, wakaimba. Likizo ya pili nikawa sina kitu. Mvulana anayelala saa tatu, anayeamshwa na kengele, anayechungwa na mwalimu wa zamu mpaka chooni, atatenda dhambi saa ngapi? Nikairudia ile ya sukari. Mama mmoja wa nyuma akasema bila ubaya wowote, "Hiyo ulishasema mwezi wa nne. Hiyo ilioshwa. Leta ingine."

Basi nikaanza kutunga. Nilisema nimevuta sigara, na wiki nzima kina mama wakawa wananinusa koti kila wakinisalimia. Nilisema nimetazama wasichana wa mjini, nikaombewa mpaka magoti yakafa ganzi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea, lakini hawakusema kwamba mwongo mwenyewe huiona ndefu sana.

Mwisho wa kidato cha pili, hedimasta aliniita ofisini. Alikuwa mzungu mkavu asiyesifu mtu bure. Aliniambia kwamba nikiendelea hivyo hadi kidato cha nne, ataniombea nafasi katika chuo kikubwa kule Uganda. Akaongeza kwamba vitanda vya kidato cha tatu ni vichache, na ambaye hatakuwepo siku ya kufungua, kitanda chake atapewa mwingine. Nilirudi Molo nimebebwa na maneno hayo. Sikutaka kingine chochote duniani.

Jumapili ikafika. Nyapara akaniuliza nimetoka na nini, na kichwa changu kikawa cheupe. Sigara ilikwisha, wasichana walikwisha. Nikatafuta dhambi isiyo na harufu, isiyoweza kuulizwa maswali, nikafikiri nimeipata.

"Nina kiburi," nikasema. "Nikiwa shuleni, nawaona nyinyi wote hapa kama watu wasiojua kitu."

Nilingoja wimbo. Wimbo haukuja. Hakuna aliyenikumbatia. Kina mama walitazama mikono yao, ile mikono iliyokuwa imebabuka kwa pareto, na nikaelewa, nimechelewa, kwamba hii ndiyo dhambi moja waliyokuwa wakiiogopa tangu kikapu cha kwanza. Nyingine zote zilikuwa mchezo wa watoto. Ulimi uliniponza.

Nyapara hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema, "Asante kwa kusema ukweli, mtoto wetu. Sisi ndio tumekosa. Tumekusukuma kwa masomo mpaka roho yako inapotea. Utakaa nyumbani mwaka mmoja. Utafundisha watoto wa kambi kusoma, hapa hapa, na sisi tutakuombea. Ng'ombe akivunjika mguu si hurudi zizini? Roho ni kubwa kuliko shule."

Wote wakasema amina. Mama yangu, aliyekaa safu ya mbele, alisema amina pia, wa mwisho kabisa.

Sasa nijitetee vipi? Nikisema sina kiburi, basi nilidanganya nikishuhudia. Nikidanganya leo, je, sigara? Je, wasichana? Ningevuta uzi mmoja na shati lote lingefumuka. Aliyedanganya nuruni kwao alikuwa mbaya kuliko mwizi, na mwizi hapewi kikapu. Nilikuwa nimefungwa huku na huku. Na lililoniudhi kuliko yote ni kwamba tangu dakika ile uongo wangu ukawa kweli. Niliwadharau. Niliwaona wajinga, niliwachukia kwa imani yao, na nilikuwa na hasira hata na nyimbo zao.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kunikaba roho. Nilichuma pareto pamoja na kina mama kwenye baridi ya asubuhi, na kila aliyenipita kwenye mstari alinigusa bega. "Pole, mtoto wetu. Utashinda." Waliniletea viazi vya kuchoma, waliniletea maziwa. Mmoja alinifumia sweta. Laiti wangekuwa watu wabaya! Ningewatukana, ningetoroka, ningejua la kufanya. Utapigana vipi na mtu anayekuletea kiazi cha moto? Na kutoroka nako kulikuwa ndoto, kwa maana pasi ilikuwa kwa nyapara, na chini kwenye geti walikaa askari. Lori za viazi zilishuka kwenda Nakuru kila siku, nami nilizitazama mpaka zikapotelea kwenye ukungu.

Siku za kufungua shule zilipokaribia, sikuweza tena. Nilimwambia mama. Tulikuwa shambani, mistari miwili mbali na wengine.

Ni lazima mjue mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Yeye alikuwa ameokoka kweli. Aliwahi kuokota pini ya memsahibu, mke wa mzungu, barabarani, akatembea nayo mpaka nyumba kubwa, akafukuzwa na mpishi, akarudi tena jioni. Kila Jumapili alisimama kushuhudia, na alikuwa hana la kuficha, kwa hiyo watu walipenda kumsikia. Kwake kusema uongo ukiwa umesimama mbele ya ndugu ilikuwa kumtemea Mungu mate.

"Kwa hivyo hauna kiburi," akasema.

"Sikuwa nacho, mama. Nilikosa cha kusema."

"Na sigara?"

"Sijawahi kushika."

Aliendelea kuchuma, vidole vikienda kama kawaida. "Na yale machozi ya kwanza?"

"Ni pareto."

Akaweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika, na kwa muda mfupi sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha, akanitazama sana. "Na unataka hiyo shule namna gani?"

Nikamwambia naitaka mpaka usingizi umenipotea. Alichukua kikapu chake akahamia mstari mwingine.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mama alisimama kabla hata nyimbo hazijaisha. Alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa mkononi, kichwa wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bwana asifiwe. Ndugu zangu, huyu kijana hana kiburi. Ni mimi nilimwambia aseme vile. Baba yake hayuko, na mimi naogopa kukaa peke yangu kwa ile nyumba. Nilitaka mumuzuie, abaki na mimi. Nimewatumia nyinyi kumfunga mtoto wangu. Hiyo ndiyo dhambi yangu."

Hapakuwa na neno moja la kweli. Nilimtazama akiyasema yale yote kwa sauti ile ile aliyozoea kusemea ukweli, na nilitaka kusimama nimkanushe. Miguu ilikataa. Hapana, nisiisingizie miguu. Mimi nilikataa. Niliitaka shule.

Banda likalipuka kwa wimbo. Kina mama walimwendea mbio, wakamkumbatia, wengine wakilia kwa sababu waliijua hofu ile ya kukaa peke yako, nusu ya waume wao hawakuwepo. Nyapara alinishika mkono akasema mtoto akitumwa na mama yake atafanya nini, na kwamba wamenikosea. Pasi yangu aliileta kesho yake, nami nikashuka na lori la viazi hadi Nakuru, nikakikuta kitanda changu.

Likizo iliyofuata nilimkuta mama amehama safu ya mbele. Alikaa kwenye gunia karibu na mlango. Aliimba, aliomba pamoja na wengine, lakini hakusimama. Watu walidhani ni aibu, wakamwambia ndugu walishamsamehe. Mimi nilijua. Aliamini mtu hawezi kusimama nuruni huku ana dhambi aliyoificha, na yake asingeweza kuisema, kwa sababu siku atakayoisema nitatolewa shuleni. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiulizwa nimetoka na nini, nikawa nasema neno moja au mawili na kuketi, na hakuna aliyenisumbua tena.

Kidato cha tatu na cha nne nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Zile hesabu nilizozipenda zikawa mzigo. Wenzangu wakianguka mtihani walirudi nyumbani kulima. Mimi nikianguka, mama atakuwa amejitoa mbele za Mungu bure. Sikucheza mpira, sikuugua, sikuthubutu. Nilikwenda Uganda, nikasoma huko vilevile.

Niliporudi na cheti changu, baba alikuwa ameachiliwa, amekonda, anaota jua mbele ya nyumba. Pasi zilikuwa zimekwisha. Nilimkuta mama jikoni anamenya viazi, nikakaa kwenye kigoda karibu naye, nikamwambia maneno niliyoyabeba miaka yote.

"Mama, sasa sema. Shule imekwisha. Hakuna mtu wa kunirudisha popote. Jumapili simama, utubu, upate amani yako."

Alimenya kiazi mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

"Kutubu si kusema tu," akasema. "Mpaka ujute. Nimejaribu kila Jumapili, tangu ile siku." Akakitia kiazi kwenye maji. "Sijuti."

Jumapili ilipofika alijifunga kitambaa chake, akaenda kama kawaida, akaketi karibu na mlango.