Chupa ya Dodoma Mbele ya Baba

Jumamosi tukishafunga duka letu la vitenge Kariakoo, mimi na mume wangu hurudi kwenye fleti yetu Mchafukoge, tukavua viatu na kufungua chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. Ni wa bei ya chee, hata dukani kwa Mangi hapo chini unapatikana. Wenye majivuno huukunjia pua, nami huwaacha wakunje, unabaki mwingi kwetu. Mwanzoni una ukakasi, halafu utamu wa zabibu unakuja nyuma taratibu. Naupenda kwelikweli, ingawa nusura univunjie ndoa kabla haijafungwa.

Baba alishuka kutoka Kilimanjaro kuja kumwona kijana aliyetaka kunioa. Sisi Wachaga shughuli kama hiyo tumeizoea na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mchumba wangu, Mgogo wa watu, akasema ataleta mvinyo wa kwao. "Zabibu zenyewe analima mama," aliniambia, na sikuwa na moyo wa kumkatalia. Baba ndiye angesema ndiyo au hapana, na hapana yake naijua, hairudi nyuma.

Nilimfunda kijana wa watu wiki nzima: asikunje nne, asimkatize mzee, asije akajibu "poa". Akashika yote. Alitoa shikamoo zake vizuri mpaka shangazi yangu akatabasamu. Kisha akafungua chupa, akamimina kwenye glasi ya chai, akampa baba kwa mikono miwili, akarudi kukaa akiwa ametulia tuli.

Baba akaishika glasi, lakini hakunywa.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, ili anayepewa ajue hakuna sumu. Jambo hilo tumezaliwa tukalikuta, ndiyo maana halikunijia hata kulitaja. Na kwao mchumba, kijana kutangulia kunywa mbele ya mkwe ni utovu wa adabu. Basi mmoja alikuwa anasubiri kwa heshima, mwenzake anasubiri huku hasira inampanda, na mimi katikati jasho linanitoka chini ya feni.

"Kijana," baba akasema, "huu mvinyo wenu, wewe hunywi?"

"Wakubwa kwanza, mzee," akajibu mchumba wangu kwa upole.

Baba akaanza kuishusha glasi. Nilijua ikigusa meza, basi tena, sina mume. Nikanyanyuka, nikaitwaa mkononi mwake, nikapiga mafunda mawili makubwa, nikamrudishia.

"Makubwa!" shangazi akaguna.

Baba akaipokea glasi. Kisha akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. "Anayeonja ni wa upande wa walioleta," akasema. "Kumbe mama umeshahamia!" Akainywa yote, akakunja uso. "Mkali kama shangazi yako. Hebu niongezee."

Nililia kwa furaha, wala sioni haya kusema. Mchumba wangu hakuelewa kilichotokea mpaka nilipomweleza jioni ile, naye akashika kichwa.

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeonja kwanza. Tena kwa mbwembwe: anakunywa, anajishika koo, anatoa macho, ananisubirisha. Halafu ananipa glasi kwa mikono miwili, kama alivyompa baba.