Sufuria Iliyoshukiwa Kuchekesha Matanga

Jumatatu asubuhi nilikuwa nang'arisha viatu pale jirani aliponiita kupitia ua na kuniambia kwamba mama wa viazi ametutoka. Wasomaji wangu wa mtaa wa Munyaka watamjua bila mimi kumtaja jina: mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita gari lililokwisha kuondoka, aliyeuza viazi vya Burnt Forest kando ya njia ya kanisani. Watakumbuka pia, maana hapa hakuna asiyejua, kwamba zamani alinaswa na bangi ndani ya gunia la viazi hivyo hivyo, akafungwa, akamaliza kifungo chake akarudi. Hakukana hata siku moja. "Nilibeba, nikashikwa, nikafungwa," alikuwa akisema, kisha anakuuliza kama unataka viazi za kuchemsha ama za chips.

Alichotamani baada ya hapo ni kupika tu. Kule jela alikuwa jikoni, na alipika vizuri. Shule moja ya hapa ilitaka kumwajiri, ikadai cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na mambo yakaishia hapo. Hilo alilimeza. Lililomuuma ni kikundi chetu cha kusaidiana wakati wa matanga, ambacho hakuwahi kukosa shughuli yake hata moja. Tulimpa kuosha sahani, kuchota maji na kuwasha moto, ila mwiko tulimnyima. Mwenyekiti wetu, mama mwadilifu ambaye hata chai huionja kwa mashaka, alisema si ubaya, ni tahadhari tu.

Kisha siku moja, kwenye msiba wa jirani, mwenyekiti akachelewa na wageni wakawa na njaa. Mama wa viazi akashika mwiko. Yalikuwa maharagwe na viazi, na mimi nilikula sahani tatu kwa niaba ya wasomaji wangu. Tulipokuwa tunaramba vidole, mzee mmoja wa Turbo, dereva mstaafu wa lori, akasimama kutusimulia jinsi ng'ombe alivyomzibia barabara akakataa kusogea alipoombwa kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, mpaka alipovua kofia na kumwambia, "Excuse me, madam." Kumbe alikuwa ng'ombe wa mwalimu mkuu. Tulicheka mpaka mjane mwenyewe akashika mbavu. Hapo ndipo mwenyekiti alipoingia, akakuta msiba unacheka, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria.

"Umeweka nini hapa ndani?"

"Chumvi, Mama. Na vitunguu."

"Na hawa watu wanacheka nini?"

"Si uwaulize! Mimi nilipikia jela nzima, na sikuona mtu akicheka."

Mwenyekiti alichota kijiko kimoja, akala, akavuta kiti, akakaa kungoja aone kama atacheka. Hakucheka. Lakini anayemfahamu anajua huo si ushahidi.

Mwiko haukumrudia tena. Tuligeuza shaka ile ya bangi kuwa utani, naye akautania kutushinda. Kila msiba, akiwa kwenye karai la vyombo, alikuwa akipaza sauti: "Leo mbona mko serious hivyo? Nani amepika?" Tukicheka, anainama tena kusugua sahani. Hakimu alimpa kifungo chenye mwisho. Sisi tuliompenda tukamwongezea muda, tena huku tukimchekea, na hilo linaniuma.

Jumamosi tulimzika. Mwenyekiti alipika peke yake, maharagwe na viazi, hakumruhusu mtu kusogea. Baada ya chakula mzee wa Turbo akasimama, akasema marehemu aliipenda hadithi ya ng'ombe, akaisimulia upya. Tulicheka vile vile. Binti wa marehemu alicheka huku akilia. Mwenyekiti naye alicheka, kwa mara ya kwanza niliyoshuhudia mimi, mfuniko ukiwa mkononi. Ghafla akaitazama sufuria yake.

"Kumbe siku ile ilikuwa hadithi ya Mzee," akasema.

Aliweka mfuniko chini, akakunja mikono ya sweta, akaenda kwenye karai la sahani ambalo siku hiyo halikuwa na mwenyewe. Ndugu msomaji, mtaani kwako yupo mtu aliyemaliza kifungo chake zamani. Mpe mwiko wakati angali na mkono wa kuushika.